Mchanga Unaopanda Mlima

Udongo wa Runyenjes ni mwekundu na mzito, zawadi ya volkano ya kale ya Mlima Kenya. Unastawisha kahawa, na juu zaidi majani chai, lakini mchanga wa kujengea hauna. Mchanga hutoka chini Mbeere, kwenye miamba mikongwe zaidi inayomomonyoka na kuacha chembe ngumu. Mvua huzikokota hadi kwenye mito na vijito vinavyoelekea Tana, kisha lori huzipandisha mlimani.

Zamani hakuna aliyezihitaji. Nyumba zilikuwa za fito na udongo, zikaezekwa nyasi na baadaye mabati. Kisha Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni ya Brazili, na mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa ikapaa duniani. Katika miteremko ya Mlima Kenya, fedha hizo zililipa karo na kuinua nyumba za mawe. Saruji na kokoto vilihitaji mwenzao wa tatu, na mchanga ukawa bidhaa.

Mtoni bado ni rahisi. Vijana huchota kwa sepetu na kujaza lori kwa malipo ya mzigo, dalali huchukua chake, kaunti hutoza ushuru wake. Sehemu kubwa ya bei huongezeka njiani, kwa dizeli, matairi na mashimo ya barabara.

Kanuni hiyo, kwamba safari huzidi mchanga kwa gharama, imewaangusha hata matajiri wa ng'ambo. Mwaka 1947, huko Kansas, Marekani, mafundi walijaribu kupasua mwamba kwa kusukuma kimiminika kwa nguvu ili mafuta na gesi vitoke. Chembe za mchanga huingia kwenye nyufa na kuzizuia zisijifunge. Mwanzoni mchanga wa mto ulitosha. Baadaye visima vilidai chembe za mviringo, safi na ngumu, na jimbo la Wisconsin likachimba vilima vyake na kuvisafirisha kwa treni hadi Texas. Bei ya mafuta iliporomoka mwaka 2014, na wanunuzi wakaanza kubana matumizi. Mwaka 2017 kampuni ya Hi-Crush ilifungua mgodi Kermit, Texas, karibu na visima vyenyewe. Mchanga wa huko ulikuwa hafifu zaidi, lakini ulikuwa jirani, na wa Wisconsin ukapoteza sehemu kubwa ya soko. Julai 2020 Hi-Crush yenyewe iliomba kinga ya ufilisi.

Ujirani uliodhoofisha soko la Wisconsin ndio unaochosha mito yetu: ulio karibu na barabara nzuri huchimbwa kwanza, na huchimbwa zaidi. Mchanga wa mto wa msimu ndio ghala la maji ya kiangazi. Ukiondolewa hadi mwambani, visima vya kando hukauka na kingo huporomoka, na anayebeba ndoo umbali mrefu zaidi ni mwanamke wa Mbeere, wala si mjenzi wa Runyenjes.

NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa mwongozo wa uvunaji wa mchanga mwaka 2007. Kaunti ya Makueni ilikwenda mbali zaidi kwa kutunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015. Kipimo cha hatua kama hizo ni hesabu moja: shilingi ngapi za kila lori hurudi kutunza mto lilikojazwa. Zisiporudi, Runyenjes italipia safari ya mchanga, na Mbeere italipia mchanga wenyewe.