Kwa nini mazoezi huanza kwa ari na kuishia njiani

Kuanza mazoezi si kazi ngumu. Kazi ni kuyaendeleza. Wakazi wengi wa mijini hununua raba mwezi Januari, hukimbia kwa wiki mbili au tatu, kisha raba hizo hubaki chini ya kitanda. Wengi hujilaumu kwa uvivu, lakini chanzo kikubwa ni namna maisha yenyewe yalivyobadilika.

Huko Mwese, katika nyanda za juu za Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, mkulima hahitaji kuhimizwa kufanya mazoezi. Jembe la mkono, ndoo ya maji, mzigo wa kuni na vilima vya kwenda shambani humtoa jasho, apende asipende. Mtu huyo huyo akihamia Mpanda mjini au Dar es Salaam na kupata kazi ya ofisini, bodaboda humfikisha mlangoni na kiti humshikilia hadi jioni. Kilichokuwa lazima hugeuka hiari, na jambo la hiari ndilo la kwanza kuahirishwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kwa mujibu wa shirika hilo, mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, takriban bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho, ikilinganishwa na asilimia 26 mwaka 2010. Hali hiyo huongeza hatari ya magonjwa ya moyo, kiharusi na kisukari.

Sababu nyingine ni kwamba faida ya mazoezi huchelewa. Maumivu ya misuli huja kesho yake, ilhali shinikizo la damu hushuka baada ya wiki kadhaa, tena bila kuonekana kwa macho. Anayeanza kwa pupa huumia na kukata tamaa. Anayetazama mizani pekee huvunjika moyo, kwa kuwa uzito haupungui sana bila kurekebisha mlo.

Aidha, yapo mazingira: foleni, giza, barabara zisizo na njia za waenda kwa miguu na, kwa wanawake, maneno ya wapita njia. Wapo pia wanaohesabu unene kuwa dalili ya neema, na anayepungua huulizwa kama anaumwa.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Hatua hiyo huamsha ari, lakini siku moja kwa mwezi haitoshi kujenga mazoea. Utafiti wa Chuo Kikuu cha London (UCL), uliofuatilia watu 96 na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa tendo jipya huchukua wastani wa siku 66 kuwa la kawaida, na kwamba kukosa siku moja hakuharibu safari nzima.

Hivyo, ni vyema kuanza na dakika kumi, kwa saa ile ile kila siku, ikiwezekana pamoja na wenzako: kushuka daladala kituo kimoja kabla, au kujiunga na kikundi cha mbio mtaani. Mwenye maradhi ya kudumu amwone daktari kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.