Je, gemu zaweza kutatua shida za kweli?

Enzi zile tulipolipa shilingi moja kwa dakika kwenye saiba, mwenye saiba yetu alikuwa amebandika karatasi ukutani: HAKUNA GEMU. Nilimuunga mkono kabisa, hadi niliposoma kisa cha Foldit.

Mwaka 2005, maabara ya David Baker katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ilianzisha Rosetta@home. Programu hii iliazima kompyuta za watu wa kujitolea ili kupiga hesabu za jinsi protini zinavyojikunja. Protini ni mnyororo, na kazi yake mwilini hutegemea umbo lake baada ya kujikunja. Maumbo yanayowezekana ni mengi mno. Mashine ilipokuwa haina kazi nyingine, skrini ilionyesha protini ikigeuzwageuzwa. Basi wenye kompyuta wakaanza kulalamika: mbona inapapasa hivyo, na mimi naona wazi kipande kile kingekaa pale?

Ajabu ni kwamba walisikizwa. (Sisi waandishi wa programu twajua hilo ni nadra!) Baker akaungana na wataalamu wa kompyuta, akiwemo Zoran Popović na Seth Cooper, na Mei 2008 wakatoa Foldit. Mchezaji huvuta na kukunja protini kwa kipanya. Umbo likihitaji nishati kidogo, alama zinapanda. Hapo ndipo penye siri yote: alama zenyewe ni fizikia, kwa hivyo anayetafuta ushindi anatafuta jibu, hata kama hakusoma baiolojia.

Mwaka 2011 wachezaji walipewa kimeng'enya cha kirusi kinacholetea kima ugonjwa unaofanana na ukimwi. Vimeng'enya vya jamii hiyo ndivyo vinavyozuiwa na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU. Wataalamu walikuwa na vipimo vya eksirei, lakini umbo lilikuwa limewashinda kwa zaidi ya miaka 10. Chini ya mwezi mmoja, wachezaji walitoa kielelezo kilichowawezesha kulipata, na makundi yao yakaandikwa miongoni mwa waandishi wa ripoti ya kisayansi. Kupata umbo si kupata dawa, tusidanganyane. Lakini bila umbo, mtengeneza dawa anapapasa gizani.

Mwaka 2012 wakaboresha kimeng'enya kingine, kikafanya kazi zaidi ya mara 18 kuliko awali.

Tangu 2020 kazi ya kubashiri maumbo imechukuliwa kwa kiasi kikubwa na AlphaFold, akili bandia ya DeepMind. Mwaka 2024 Baker alipata Tuzo ya Nobeli ya kemia pamoja na John Jumper na Demis Hassabis wa DeepMind. Huyu Hassabis, kabla ya sayansi, alikuwa mmoja wa vijana waliotengeneza Theme Park, gemu iliyotoka 1994.