Basi dogo lililotumika: Chunguza lilivyoundwa kabla ya kutazama lilivyopambwa

MTU anayekusudia kununua basi dogo aina ya Toyota HiAce lililokwisha kutumika Japani hukutana na jambo la kutatanisha. Magari mawili yenye jina moja, rangi moja na mwaka mmoja wa kutengenezwa huuzwa kwa bei zinazotofautiana sana.

Muuzaji huwa na maelezo tayari: hili lina rimu za kupendeza, lile lina muziki mzito na taa za kisasa. Hata hivyo, tofauti iliyo kubwa kuliko zote huwa imejificha chini ya mazulia na viti, nayo ni kazi ambayo gari hilo liliundwa kuifanya tangu kiwandani.

Jambo hilo si la kupuuzwa. Wapo wanaonunua magari haya kwa mikopo ya vyama vya akiba au kwa mafao yao ya kustaafu, wakitarajia yawe kitega uchumi cha familia. Aidha, wanaopanda humo ni abiria na wanafunzi ambao hawana nafasi ya kuuliza viti walivyokalia vilifungwa na nani.

Jina moja, magari tofauti

HiAce ya kwanza ilitoka mwaka 1967. Iliyozoeleka zaidi katika barabara zetu miaka ya karibuni ni ya kizazi cha tano, ambacho kilianza kuuzwa Japani mwaka 2004. Mwaka 2019 Toyota ilitoa kizazi kingine chenye pua mbele kwa ajili ya masoko ya nje, ilhali Japani kwenyewe kile cha tano kiliendelea kuuzwa.

Ndani ya kizazi hicho kimoja yamo magari ya namna kadhaa. Lipo gari la mizigo, ambalo kwa kawaida huwa na viti vitatu, sita au tisa. Lipo lile liitwalo Super GL, la watu watano wa mbele na mizigo nyuma. Lipo Wagon la watu 10, na lipo Commuter la watu 14, ambalo ndilo basi hasa.

Vipimo vyake navyo havilingani. Gari la kawaida la mizigo lina urefu wa meta 4.695 na upana wa meta 1.695. Commuter lina urefu wa meta 5.38 na upana wa meta 1.88. Tofauti ya urefu peke yake ni sentimeta 68.5, karibu sawa na nafasi ya safu nzima ya viti.

Mnunuzi asiye fundi anaweza kuyatambua kwa kusoma namba ya aina iliyoandikwa kwenye kibati cha gari. Herufi tatu za mwanzo hueleza injini: TRH ni ya petroli na KDH ni ya dizeli. Herufi ya mwisho hueleza kazi: V ni gari la mizigo, W ni gari la abiria wachache, na B ni basi. Kwa hiyo TRH200V ni la mizigo, TRH214W ni la abiria, na TRH223B ni basi, hata kama yote matatu yamepakwa rangi moja na kupangwa viti vinavyofanana.

Hatari ya viti vya gereji

Gari la mizigo huwa na bei nafuu, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Wapo wanaolinunua, wakakata mabati ya ubavuni kuweka vioo, kisha wakachomelea viti 14 au zaidi.

Kiwandani, kiti cha abiria hufungwa mahali palipoimarishwa ili nguvu ya mgongano isambae kwenye fremu. Kiti kilichofungwa kwenye bati jembamba la sakafu hung'oka gari linapogonga, kikaondoka pamoja na abiria wake. Mkanda uliofungwa kwenye kiti cha namna hiyo humfunga abiria kwenye kitu ambacho nacho kinarushwa.

Endapo gari limekwisha kubadilishwa, mnunuzi ainue zulia na aingie chini na fundi wake. Atazame kama nati za viti zimeshika vipande vya chuma kinene au zimeshika bati tupu, na kama sehemu zilizochomelewa zimeanza kushika kutu. Muuzaji akikataa zulia lisiinuliwe, hilo nalo ni jibu.

Petroli au dizeli?

Injini za petroli za kizazi hiki ni za lita 2.0 na lita 2.7. Zote hutumia mnyororo wa ndani badala ya mkanda, na matengenezo yake si ya gharama kubwa. Ile ya lita 2.0 hulemewa mapema katika milima ikiwa imejaza abiria.

Za dizeli ni za lita 2.5 na 3.0, na katika magari ya kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 ni ya lita 2.8. Zina nguvu ya kuvuta na hunywa mafuta kidogo, lakini nozeli zake ni ghali na hazivumilii dizeli chafu. Katika zile za lita 2.5 na 3.0 upo mkanda unaopaswa kubadilishwa kwa umbali uliowekwa na mtengenezaji. Ukikatika, valvu hugonga pistoni.

Mengi ya magari ya dizeli ya miaka ya karibuni yana chujio la masizi katika mfumo wa ekzosi. Chujio hilo hujisafisha gari linapokwenda mwendo mrefu wenye joto la kutosha. Kwa gari litakaloshinda katika foleni za mjini, huziba na kuleta gharama. Anayefanya safari za mikoani atanufaika na dizeli. Wa safari fupi za mjini afikirie petroli.

Wapinzani wa HiAce

Nissan Caravan ndiye mpinzani wa karibu. La kizazi kilichotoka mwaka 2001 lilifuatiwa mwaka 2012 na lile lililoitwa NV350. Nalo lina magari ya mizigo na ya abiria chini ya jina moja, hivyo uchunguzi ni ule ule.

Toyota Noah ni gari la familia la watu wanane. Lile la mwaka 1996 hadi 2001 lina injini chini ya viti vya mbele na husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kuanzia mwaka 2001 injini ilihamia mbele na gari likawa linavutwa na magurudumu ya mbele. Linafaa kwa nyumba yenye watoto. Kulibebesha watu 12 ni kuliua gari na kuwahatarisha waliomo.

Vifaa vya ziada

Si kila kifaa kilichotoka Japani kina faida huku. Ramani ya kwenye skrini ni ya Japani na huandikwa Kijapani. Redio ya huko hushika masafa ya 76 hadi 90 au 95, wakati vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Kifaa cha kulipia ushuru wa barabara za huko hakina kazi. Vitu hivyo visiongeze hata shilingi moja katika bei.

Vinavyostahili kulipiwa ni mikanda kamili kwa kila kiti, kiyoyozi kinachofika nyuma, kamera ya kurudi nyuma na breki zenye mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge.

Rimu za urembo zichunguzwe kwa makini. Tairi la asili la gari hili la mizigo huwa na namba 107, maana yake linabeba kilo 975. Tairi la gari dogo lenye namba 91 hubeba kilo 615 tu. Katika matairi manne, pungufu ni kilo 1,440. Pia zisomwe tarakimu nne za tarehe: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018.

Keria nayo ina kasoro yake. Kila mzigo unaowekwa juu huliongezea gari uwezekano wa kupinduka kwenye kona.

Hali ya gari na karatasi zake

Mnunuzi adai karatasi ya mnada wa Japani. Daraja la R au RA huonyesha kuwa gari lilipata ajali likatengenezwa. Katika mchoro wake, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipokarabatiwa na XX ni kipande kilichobadilishwa. Kilometa zilizoandikwa humo zilinganishwe na za kwenye dashibodi, na pedali zitazamwe kama zimelika kupita umri unaotajwa.

Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne mara nyingi hutoka mikoa ya theluji, ambako barabara humwagwa chumvi. Chasisi yake ichunguzwe kutu. Mkanda wa kiti uvutwe hadi mwisho: alama ya tope humo ni dalili ya mafuriko.

Kuhusu sheria, Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane. Tanzania haikatazi, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka. Anayetaka kubeba abiria kwa malipo aulize kwanza masharti ya leseni, LATRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, kabla ya kutoa arubuni.

Kwa ufupi, utaratibu ulio salama ni huu: kwanza kazi ya gari, pili namba yake ya aina, tatu bodi na chasisi, nne injini, tano karatasi, na mwisho mapambo. Muziki hununuliwa wakati wowote. Sakafu iliyoundwa kubeba watu hununuliwa mara moja tu, siku ile gari linaponunuliwa.