Jarida la muziki kwa matineja: Mambo ya kuzingatia katika usanifu

WENGI hudhani kwamba jarida la muziki huwavutia matineja kwa rangi zinazomeremeta na picha za wasanii mashuhuri. Rangi na picha zina nafasi yake, lakini picha hizo hizo kijana huziona bure kwenye simu. Kinachomfanya alichukue jarida, alisome na kumpokeza mwenzake ni kuona kwamba aliyelitengeneza anaujua ulimwengu wake. Kwa hivyo, usanifu huanza na msomaji wala si na kompyuta.

Msomaji ni nani?

Chukua mfano wa Thika na Ruiru, miji miwili ya Kaunti ya Kiambu. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Ruiru ilikuwa na wakazi takriban 490,000 na Thika takriban 250,000. Miji yote miwili imeunganishwa na Nairobi kwa barabara kuu iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012. Wimbo mpya unaovuma jijini hufika huko kwa matatu siku iyo hiyo. Hata hivyo, kijana huyo huyo husikia nyimbo za Kikuyu nyumbani, huimba kwaya kanisani na hushiriki Tamasha za Muziki za Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1927. Jarida linalomchukulia kuwa shabiki wa mtindo mmoja tu litakuwa limempoteza tangu ukurasa wa kwanza.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Eneo hili lina shule za bweni, zikiwemo Mang'u na Mary Hill, na kwa kawaida wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Kwao, karatasi bado ina thamani ambayo imeipoteza kwingineko. Nakala moja huweza kusomwa na bweni zima. Jalada basi liwe la karatasi nzito, pini za katikati ziwe imara, na kila makala yajitosheleze katika ukurasa mmoja au miwili ili msomaji aliyeazimwa jarida kwa dakika kumi aondoke na kitu.

Funzo la Shujaaz

Vijana wa Kenya wamewahi kuandikiwa. Katika miaka ya 2000, The Standard lilikuwa na Pulse na Sunday Nation likawa na Buzz, nyongeza zilizojaa habari za wanamuziki. Lakini mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni Shujaaz, jarida la michoro lililoanza Februari 2010. Liliandikwa kwa Sheng, likatolewa bure ndani ya gazeti na kupitia vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana asiye na kazi anayeendesha kituo cha redio kwa siri chumbani mwake. Mwaka wa 2012 lilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Ufanisi huo haukutokana na michoro pekee. Waandalizi walipeleka jarida mahali ambapo vijana tayari walikuwa, wakatumia lugha yao, na wakaliunganisha na kipindi cha redio. Anayebuni jarida la muziki ajiulize maswali yayo hayo: litapatikana wapi, litasema kwa lugha gani, na msomaji atajibu vipi?

Jalada

Katika kibanda cha magazeti, majarida hulaliana, na mara nyingi huonekana sehemu ya juu tu. Kwa sababu hiyo jina liwe fupi na likae juu kabisa. Uso mmoja unaomtazama msomaji huvutia kuliko picha sita ndogo zinazogombania nafasi. Vichwa vinne au vitano vya habari vinatosha, na kila kimoja kiahidi jambo mahususi. "Gharama ya kurekodi wimbo wako wa kwanza" ni ahadi. "Mambo moto moto ya burudani" si ahadi.

Kurasa za ndani

Idadi ya kurasa za jarida la kubanwa kwa pini lazima igawanyike kwa nne: 16, 24 au 32. Tumia aina mbili za herufi, moja ya vichwa na nyingine ya matini, na ukubwa wa matini usipungue pointi tisa. Maandishi meusi juu ya picha yenye giza hayasomeki, hata yakipendeza kwenye kompyuta. Picha ziwe na nukta 300 kwa kila inchi. Zile zilizopakuliwa mtandaoni mara nyingi hutoka zikiwa na ukungu. Rangi nazo hufifia zikihamishwa kutoka skrini hadi kwenye wino, hivyo omba sampuli kabla ya kuidhinisha uchapaji.

Kuhusu yaliyomo, jarida la Smash Hits la Uingereza, lililochapishwa kati ya 1978 na 2006, lilipata umaarufu kwa kuchapisha maneno ya nyimbo. Leo maneno hayo yamo mtandaoni. Toa basi yale ambayo kijana hayapati kwa urahisi: noti za solfa za kuimbwa na kwaya ya shule, maelezo ya jinsi mdundo unavyotengenezwa, na jinsi msanii anavyolipwa.

Lugha na maadili

Sheng huvutia, lakini hubadilika upesi na hutofautiana kati ya mtaa na mtaa. Mhariri wa makamo anayeiigiza huchekwa. Ni heri kuwaachia vijana wenyewe waandike safu za Sheng, na makala marefu yaandikwe kwa Kiswahili chepesi.

Suala la maadili ni zito. Mwaka wa 2019, wimbo "Tarimbo" wa kundi la Ethic ulishutumiwa vikali kwa kuonekana kushabikia ubakaji, kisha ukaondolewa YouTube. Jarida la matineja likinyamazia wimbo kama huo, litaonekana halijui kinachoendelea, likihubiri, halitasomwa. Njia ya kati ni kueleza kilichoimbwa, kwa nini kinaumiza, na kuwapa wasichana nafasi ya kusema. Likiusifu, litatwaliwa langoni pa shule, na ni haki litwaliwe.

Vilevile, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hulinda picha na maneno ya nyimbo, kwa hivyo omba idhini. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inakataza matangazo ya pombe yanayowalenga walio chini ya miaka 18. Nayo marekebisho ya 2002 katika Sheria ya Vitabu na Magazeti yaliongeza dhamana ya mchapishaji kutoka Sh10,000 hadi Sh1 milioni. Mchapishaji aulizie masharti yanayotumika kwa Msajili kabla ya kuagiza karatasi.

Majaribio

Kabla ya kuchapisha maelfu, tengeneza nakala chache za kurasa nane na uwape wanafunzi wa darasa moja. Usiwaulize kama wamependa, maana watakubali kwa heshima. Tazama wanafungua ukurasa gani kwanza, wanaruka upi, na upi unaochanwa ukabandikwa ukutani. Ukurasa unaorukwa na wengi uondolewe, hata kama ndio mhariri aliojivunia zaidi.