Nyumba Moja, Makao Makuu Matatu

Anayetaka kuijua historia ya nyumba kongwe ya duka mjini Bariadi na aulize kwanza mafaili yake yako wapi. Mkoa wa Simiyu ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Bariadi yenyewe ilikwisha kumegwa kutoka Wilaya ya Maswa. Shinyanga nayo ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jimbo la Ziwa lililotawaliwa kutoka Mwanza lilipogawanywa. Nyumba isiyosogea hata hatua moja imehesabiwa chini ya makao makuu matatu, na karatasi zake zimebaki njiani.

Mtaa wa maduka katika miji ya Usukumani ni mtoto wa pamba. Baraza mbele, duka, ghala, kisha vyumba vya familia: ramani hiyo ni ya biashara kabla ya kuwa ya makazi. Wakati wa ukoloni, wanunuzi wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kiasia, na mkulima aliyebeba mzigo wake hakuwa na namna ya kuthibitisha uzito aliosomewa. Kilio cha mizani ndicho kilichowakusanya wakulima; mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, chini ya Paul Bomani, nao ukaichukua biashara hiyo hatua kwa hatua.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Kipimo hicho kiliyakumba zaidi maghorofa ya miji mikubwa. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vyenyewe vikavunjwa, na ununuzi ukahamia kwa vijiji na mamlaka za mazao. Kila uamuzi ulibadilisha anayekaa barazani na anayepanga foleni uani.

Nawasihi wanafunzi wangu wasiishie kwenye jina la mmiliki. Hati humtaja aliyejenga. Haimtaji mpagazi, karani wa mizani, wala mama aliyelima pamba hiyo. Hao wamo katika kumbukumbu za wazee, na wazee wanapungua.

Kwa watumishi wa halmashauri ninalo ombi moja. Kabla ya kuweka alama nyekundu ya bomoa ukutani, pigeni picha, pimeni vyumba, andikeni masimulizi ya majirani, kisha tafuteni mafaili Maswa, Shinyanga na Mwanza. Barabara pana twaihitaji. Lakini mkoa mchanga usiojua karatasi zake ziko wapi utawajibuje wananchi wake watakapogombania viwanja?