Siku ya Kuzaliwa Iliyotolewa kwa Hati

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Wengi wetu tulimjua Robert Louis Stevenson kwa kitabu chake kilichotafsiriwa kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Ni wachache wanaojua kwamba mwandishi huyo wa Uskoti, aliyesomea sheria, aliwahi kuitoa siku yake ya kuzaliwa kwa hati.

Mwaka 1891 Stevenson alikuwa akiishi Samoa. Huko alifahamiana na Henry Clay Ide, Mmarekani aliyekuwa kamishna wa ardhi. Annie, binti wa Ide, alizaliwa tarehe 25 Desemba, na kila mwaka siku yake ilimezwa na Krismasi. Stevenson, aliyekuwa na miaka 40, akaandika hati ya kisheria tarehe 19 Juni, akamkabidhi siku yake mwenyewe, yaani 13 Novemba. Akaweka na masharti: binti aitumie kwa kiasi na kwa utu, maana si changa tena, akiyavunja, siku hiyo iende kwa Rais wa Marekani. Ulikuwa utani, lakini utani wenye huruma.

Kwetu wazee wengi hawakuandikiwa tarehe. Walihesabu kwa matukio, kama vile Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, au mwaka wa njaa. Mwalimu Nyerere aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilinyesha siku aliyozaliwa. Siku ilitunzwa ndani ya jina.

Bwenini kwetu, miaka ya 1990, alikuwapo mwenzetu asiyejua tarehe yake. Kadi ya pongezi ikifika kwa mwingine, yeye hutoka nje kimya. Siku moja rafiki yake akamwambia, "Bwana, tugawane yangu. Asubuhi yangu, jioni yako." Tukachanga fedha, tukanunua maandazi, tukamwimbia. Hadi tunamaliza kidato cha nne hakuikosa jioni yake.

Leo mimi ni mtumishi wa serikali. Ofisini tarehe ya kuzaliwa huhesabiwa ili mtu astaafu akitimiza miaka 60, na faili halisahau. Lakini faili halimwambii mtu kwamba wenzake wamefurahi kuwa alizaliwa. Kazi hiyo ni ya rafiki. Wadogo zetu, tazameni kitanda cha jirani. Akiwapo aliyesahauliwa, msingoje hati.