Gongo Yenye Leseni

Ukitoka Tanga mjini kwenda kaskazini, lami inakwenda kama kilomita 65 kabla ya kugota kwenye lango la forodha la Horohoro. Ng'ambo ni Lunga Lunga, Kenya. Malori yamepanga foleni, mawakala wa forodha wanakimbizana na makaratasi, wabadilisha fedha wanaita wateja wa shilingi mbili zenye jina moja na thamani mbalimbali. Kinywaji nacho hubadilika jina hapo hapo. Kinachogemwa Mkinga huitwa tembo. Kikigemwa Kwale huitwa mnazi. Wadigo, ambao wapo pande zote mbili, wao husema uchi.

Mpaka huo ulichorwa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana mstari uanzie kwenye mdomo wa mto Umba, uende Ziwa Jipe, kisha uizunguke Kilimanjaro. Miaka minne baadaye zikatiwa saini hati mbili kwa siku mbili zilizofuatana. Tarehe 1 Julai 1890 ulikuwa mkataba wa Heligoland, ulioiweka Zanzibar chini ya Uingereza na kuiacha pwani ya Tanga mikononi mwa Wajerumani. Tarehe 2 Julai ulikuwa mkataba wa Brussels. Huu hukumbukwa kwa habari za biashara ya utumwa, lakini ndani yake mlikuwa na sura nzima ya pombe: kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, vinywaji vikali vipigwe marufuku pale ambapo wenyeji walikuwa bado hawajavizoea, kwa sababu ya dini au nyingine yoyote; kwingineko vitozwe ushuru. Wazungu waliachiwa mlango. Wiski yao iliendelea kushushwa bandarini.

Tembo halikuguswa na sura hiyo, maana halipikwi.

Mgema hupanda alfajiri na kurudi tena jioni. Kiunoni kuna kibuyu na kotama, kisu kilichopinda kama mundu, kikali kiasi cha kunyolea ndevu. Huko juu hafuati dafu. Anafuata karara ambalo halijachanua, lililokazwa kwa kamba lisifunguke, ncha imekatwa. Kila apandapo hukata kipande chembamba kama karatasi ili kidonda cha mti kisikauke, humimina kilichodondoka, hukirudisha kibuyu mahali pake, akashuka. Karara lililogemwa halizai nazi, ndiyo maana mwenye shamba na mgema huwa na hesabu ndefu: nazi za miezi ijayo, au tembo la leo?

Likishuka ni tamu. Hamira ya asili imeshaanza kazi kabla miguu ya mgema haijagusa chini. Kufikia jioni limekuwa kali, na kesho yake linaelekea kwenye siki. Kwa hiyo mnywaji wa pwani haulizi umri wala jina la kiwanda. Anauliza limeshuka saa ngapi, anatazama povu, anataka kujua ni la mgema gani. Nyuki waliozama ndani hawamshtui, huchujwa. Na katika pwani yenye msikiti kila kijiji, maswali hayo huulizwa kwa sauti ya chini.

Wiski ya kimea ya Uskoti, ile inayoandikwa "single malt" kwenye chupa, huchaguliwa kinyume chake: kinachosifiwa ni kuchelewa. Kimea ni kile kile cha wapika pombe wa bara, nafaka iliyoloweshwa ikaota kisha ikakaushwa, ila cha Waskoti ni cha shayiri. Neno "single" halina maana ya pipa moja, kama wengi wanavyodhani, bali kiwanda kimoja. Pombe hupikwa kwenye vyungu vya shaba, kisha hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua mitatu. Tarakimu iliyo kwenye lebo, 12 au 18, ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, hata kama nyingine zimeizidi kwa miaka mingi. Ya kisiwa cha Islay mara nyingi hunuka moshi wa mboji iliyokaushia kimea. Ya bonde la Speyside kwa kawaida ni laini zaidi, na iliyolazwa kwenye mapipa ya sheri huacha ladha ya zabibu kavu. Anayetaka kuionja vizuri aidondoshee maji kidogo, harufu ifunguke.

Hapa methali ya mgema na tembo lake inapata wateja wapya. Uskoti mgema hutia maji hata asiposifiwa: wiski nyingi hutoka pipani na kilevi cha zaidi ya asilimia 50, ikapunguzwa kwa maji hadi 43 au 40 kabla ya kufungwa. Chini ya 40 sheria hairuhusu kuiita wiski ya Uskoti.

Sheria, basi, ndiyo iliyoitoa vichakani. Mwaka 1494 kumbukumbu za hazina ya mfalme wa Uskoti zilitaja kimea alichopewa mtawa John Cor atengeneze maji ya uhai. Kwa Kigaeli maji hayo huitwa uisge beatha, na ndilo jina lililofupishwa likawa wiski. Kwa miaka mingi baadaye sehemu kubwa yake ilipikwa kwa siri mabondeni na kupitishwa usiku kwa farasi, watoza ushuru wakiifukuzia. Mwaka 1823 bunge likabadili mkondo: lipa leseni ya pauni 10 kwa mwaka na ushuru nafuu, upike mchana kweupe. Mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet akaichukua leseni. Majirani zake, wapikaji wa magendo, wakatishia kumchomea kiwanda, naye akawa hatembei bila bastola mbili.

Mskoti huyo angeutambua mtambo wa gongo mara moja. Tembo, mua, ndizi, chochote kilichochacha hutiwa kwenye pipa juu ya moto, mvuke ukapitishwa kwenye bomba lililopoozwa kwa maji, na upande wa pili yakadondoka matone. Watu waliiita moshi, na jina hilo likapanda hadi kwenye kitabu cha sheria. Uganda ilitunga sheria yake ya enguli, gongo ya huko, mwaka 1965 ili wapikaji wawe na leseni na mzigo wao uende kusafishwa kiwandani, ikazaliwa Uganda Waragi. Tanzania ikafuata mwaka 1966 na Sheria ya Moshi, na katika miaka ya 1970 Konyagi, jina lililotoholewa kutoka konyaki ya Wafaransa, ikashika meza za baa. Kenya ilipiga marufuku chang'aa, gongo ya kwao, mwaka 1980, ikairuhusu kwa masharti mwaka 2010.

Hofu ya serikali haikuwa ya bure. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Lakini enguli ilipopanda ngazi ikapata chupa na lebo, jina la mpikaji lilibaki kijijini, wakati Smith wa Glenlivet aliondoka na lake. Hapo ndipo njia za Uskoti na Afrika Mashariki zilipoachana, na ni hasara kubwa kuliko inavyosemwa. Habari za polisi kumwaga lita za gongo bado hazijaisha magazetini, na tangu Machi 2017, pombe kali za viroba zilipopigwa marufuku Tanzania, mlalahoi aliyekuwa akinunua kidogo kidogo amebaki na uchaguzi mwembamba zaidi.

Chupa ya miaka 12 ikipita Horohoro kihalali huwa na nyaraka za ushuru na stempu, na haina haraka. Ikae foleni wiki nzima, ladha yake haiharibiki. Kibuyu cha tembo la asubuhi hakina muda huo. Lisiponyweka leo, keshokutwa ni siki, na siki hiyo huishia jikoni kwenye achari ya maembe, bila leseni ya mtu yeyote.